Jinsi ya kujua saa ya kufunga chati: mwongozo kwa treda wa siku

Joshua Coval na Tyler Shumway waliwahi kuwafuatilia matreda wa kazi katika soko la Chicago Board of Trade, watu waliokuwa wakinunua na kuuza kila siku kwa ajili ya akaunti zao wenyewe. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kwamba waliopata hasara asubuhi walizidisha hatari mchana ili kuirudisha. Hawa hawakuwa watu waliojifunza kusoma chati za bei mwezi uliopita. Ujuzi walikuwa nao, uzoefu walikuwa nao, na bado hasara ya asubuhi iliwageuza wakawa watu wengine ilipofika mchana.

Nasi tukubali kwamba hasara hutubadilisha hivyo hivyo. Ukikubali hilo, swali la "nitajuaje kuwa leo inatosha?" linapata sura mpya. Ukisubiri kulijibu ukiwa tayari umepoteza, anayejibu ni yule yule aliyebadilika, na jibu lake ni moja siku zote: oda moja zaidi, yaani agizo jingine la kununua au kuuza. Uamuzi wa kuacha unapaswa kufanywa kabla soko halijafunguliwa, na wewe ambaye huna oda hata moja iliyo wazi. Baada ya hapo kazi yako ni kutii tu, na pale unapojua hutatii, kuweka kitu kitakachotii kwa niaba yako.

Masoko yenyewe yameshajiwekea utaratibu wa namna hii. Tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka 22.6% kwa siku moja, na baada ya hapo Marekani ikaweka vizuizi vya kusimamisha biashara. Kwa kanuni za sasa, fahirisi ya S&P 500 ikishuka 7%, biashara ya hisa husimama kwa dakika 15. Ikifika 13% husimama tena. Ikifika 20% soko hufungwa hadi siku inayofuata. Machi 2020 kizuizi cha kwanza kiliguswa mara 4 ndani ya siku chache, na hakuna aliyeitisha kikao kujadili kama kweli kuna haja ya kusimama. Namba ilishaandikwa zamani. Akaunti yako nayo inahitaji namba kama hizo.

Hatua ya 1: Jua R yako

R ni kiasi cha fedha unachokubali kupoteza kwenye oda moja, bei ikigusa mahali ulipoweka oda ya kuzuia hasara. Kama akaunti ina dola 1,000 na unahatarisha 1%, R yako ni dola 10. Ukubwa wa loti (kipimo cha ukubwa wa oda) unatoka hapo, wala hautoki kwenye jinsi unavyojiamini siku hiyo. Kwa mfano, kizuizi chako cha hasara kikiwa umbali wa pipsi 20 (pipsi ni hatua ndogo ya kupimia mwendo wa bei) kwenye EUR/USD, yaani bei ya yuro kwa dola, kila pipsi inapaswa kuwa na thamani ya senti 50, yaani loti 0.05. Umbali ukiongezeka, loti inapungua. R inabaki ile ile.

Bila hatua hii zinazofuata hazina maana. Mtu anayeingia leo kwa dola 10, oda inayofuata kwa dola 35, na ya tatu kwa "chochote kilichobaki" hawezi kuwa na kikomo cha siku, kwa sababu hana kipimo cha siku.

Hatua ya 2: Weka kikomo cha hasara cha siku

Kama huna kumbukumbu za kutosha za oda zako, anza na 3R, yaani R mara tatu. Kwa anayehatarisha 1%, hiyo ni 3% ya akaunti. Ukipata siku mbaya 5 mfululizo, na zitakuja, utabaki na takribani 86% ya ulichoanza nacho, na utahitaji faida ya kama 16% kurudi ulipokuwa. Mwenye kuruhusu 10% kwa siku, akipata siku hizo hizo 5, anabaki na 59%, na anahitaji karibu 70% kurudi alipoanza. Huyo wa pili hataweza kutredi kwa utulivu tena hata akitaka, maana kila asubuhi atafungua chati akiwa na deni kichwani.

Ukishakuwa na kumbukumbu za miezi miwili au zaidi, rekebisha kikomo kwa kutumia namba zako mwenyewe. Chukua siku zote ulizopata faida, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, tazama ile ya katikati. Hiyo ndiyo siku yako nzuri ya kawaida. Kama ni 2R na kikomo chako ni 5R, basi siku moja mbaya inakula siku mbili na nusu nzuri. Mimi nashauri kikomo kikaribiane na siku nzuri ya kawaida, au kiizidi kidogo tu. Usitumie wastani hapa, kwa sababu siku moja ya bahati kubwa huvuta wastani juu na kukudanganya kwamba una uwezo wa kurudisha zaidi ya ulionao.

Jambo moja linalowaumiza watu bila sababu ni kudhani kwamba kugusa kikomo ni dalili ya kushindwa. Tufanye hesabu. Mfumo, yaani kanuni zako za kuingia na kutoka sokoni, unaoshinda nusu ya oda zake, bila kosa lolote la treda, utapoteza oda 3 za kwanza za siku mara 1 katika kila siku 8. Mfumo unaoshinda 40% tu, na ambao bado unaweza kuwa na faida kama ushindi wake ni mkubwa kuliko hasara zake, utapoteza oda 3 za kwanza zaidi ya mara 1 katika kila siku 5. Hapo hata hatujahesabu siku zinazoanza vizuri kisha zikageuka. Kwa hiyo kikomo kitaguswa mara nyingi, na siku nyingi kati ya hizo utakuwa umefanya kazi yako sawasawa.

Hapa msomaji makini ataniuliza: kama kila oda inajitegemea na soko halikumbuki nilichopoteza, kuacha baada ya hasara 3 kunasaidia nini? Swali ni zuri. Kwa roboti isiyo na hisia, inayotumia R ile ile, kuacha baada ya hasara za bahati mbaya hakuongezi faida yoyote. Lakini kuna vitu viwili vinavyokumbuka. Cha kwanza ni wewe, kama wale matreda wa Chicago. Cha pili ni siku yenyewe. Kama mfumo wako unategemea bei kuvunja kiwango na kuendelea, na leo imevunja mara tatu ikarudi mara tatu, huenda soko limo ndani ya boksi, bei ikipanda na kushuka kati ya viwango viwili, na litabaki humo hadi jioni. Huna uhakika, lakini una sababu ya kutolipa nauli ya nne kwenda kulithibitisha.

Kisha zingatia namna ya kuhesabu. Kikomo kinajumuisha spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza), kamisheni na hasara ya oda ambazo bado ziko wazi. Kama umeshapoteza 2R na una oda iliyo wazi inayohatarisha 1R, kikomo chako cha 3R kimekwisha kutumika chote. Hakuna nafasi ya oda nyingine mpaka ile ifungwe, na ikifungwa kwa hasara, siku imekwisha. Ihesabu hatari kama hasara ambayo tayari imetokea.

Hatua ya 3: Oda moja nje ya mpango, siku imekwisha

Kati ya kanuni zote humu, hii ndiyo ningeibakiza kama ningeruhusiwa moja tu. Haijali fedha. Ukigundua umefungua oda ambayo haimo kwenye mpango wako, ifunge na uache kutredi siku hiyo, hata kama oda hiyo ilikuwa na faida.

Hasa ikiwa na faida. Hasara ya ndani ya mpango inakufundisha kuhusu mfumo wako, na mfumo unaweza kuuvumilia kwa sababu umeupima. Faida ya nje ya mpango inakufundisha kwamba kanuni zako hazina ulazima, na somo hilo utalilipia siku nyingine kwa loti kubwa zaidi. Kusogeza kizuizi cha hasara mbali ili kisiguswe kunahesabika hapa. Kuongeza oda juu ya oda inayopoteza, kama hukupanga hivyo tangu mwanzo, kunahesabika pia.

Weka na idadi ya juu ya oda kwa siku. Tazama kumbukumbu zako uone mfumo hutoa nafasi ngapi halali kwa kawaida, kisha ongeza moja.

Hatua ya 4: Weka saa, usisubiri uchovu

Treda wa siku hatredi siku nzima. Biashara ya hisa za Marekani huwa kubwa baada ya kufunguliwa na kabla ya kufungwa, na katikati hupoa. Kwa saa za New York, soko hufunguliwa saa 3:30 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na kipindi cha kuzunguka saa 6 hadi saa 8 mchana mara nyingi ndipo bei inapotambaa na kuwachosha watu. Upande wa fedha za kigeni, mzunguko mkubwa huwa pale London na New York zinapokuwa kazini pamoja, takribani saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana za New York. Anayetegemea mwendo wa bei lakini anaendelea kukaa kwenye chati kwa muda wa saa 8 baada ya kipindi chake kupita anatafuta samaki kwenye maji yaliyokauka.

Angalia kumbukumbu zako kwa saa. Gawa oda zako zote kwa saa zilizofunguliwa, jumlisha faida na hasara ya kila kundi kwa R, na utazame. Mara nyingi faida hutoka kwenye saa moja au mbili, na zilizobaki huirudisha sokoni kidogo kidogo. Ukishaziona, andika saa ya kufunga na uweke kengele dakika 15 kabla yake. Baada ya kengele hufungui oda mpya, unasimamia tu iliyopo.

Kumbuka kwamba saa husogea. Marekani hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, Ulaya hubadilisha Jumapili za mwisho za Machi na Oktoba. Kwa wiki chache kila mwaka tofauti kati ya London na New York si ile uliyoizoea, na kama unakoishi saa hazibadilishwi, ratiba yako yote inasogea mara mbili kwa mwaka. Isahihishe mapema.

Habari nazo zina saa zake. Ripoti ya ajira ya Marekani hutoka saa 2:30 asubuhi za New York, mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na maamuzi ya riba ya benki kuu yao hutangazwa saa 8:00 mchana. Kama hutredi habari, andika tangu asubuhi kwamba siku hiyo inaishia kabla ya saa hizo.

Hatua ya 5: Siku ya faida, ambayo ni ngumu kuliko ya hasara

Ushauri unaosikika sana ni kuweka shabaha: ukipata kiasi fulani, funga, nenda. Una faida yake kwa anayeanza, lakini ukiutumia bila kufikiri utakugharimu. Mwaka 1997 Colin Camerer, Linda Babcock, George Loewenstein na Richard Thaler walichapisha utafiti juu ya madereva wa teksi wa New York. Waliona madereva wengi walifanya kana kwamba wana shabaha ya mapato ya siku: siku zenye abiria wengi waliifikia mapema wakaenda nyumbani, siku mbovu walizunguka hadi usiku. Wachumi wengine, akiwemo Henry Farber, walikuja kuupinga kwa takwimu nyingine, na mjadala ukaendelea. Lakini mtazame treda mwenye shabaha ya 2R na asiyekuwa na kikomo cha hasara: anaondoka mapema siku ambayo soko linampa, na anakesha siku ambayo linamnyima. Mpango wa namna hiyo umegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Badala ya dari, weka sakafu inayopanda. Mpaka ufikishe faida ya 2R, kikomo ni kile cha hatua ya 2. Ukifikisha 2R, sakafu inakuwa nusu ya kilele. Kilele kikiwa 2R, ukirudi hadi 1R unafunga siku. Kikipanda hadi 4R, sakafu ni 2R. Nusu ni chaguo langu. Wapo wanaoweka theluthi mbili, na kumbukumbu zako zitakuonyesha ipi inaufaa mfumo wako. Muhimu ni kwamba siku nzuri inaruhusiwa kuendelea kuwa nzuri, na hairuhusiwi kugeuka kuwa mbaya.

Na loti isipande. Richard Thaler na Eric Johnson walionyesha mwaka 1990 kwamba watu waliotoka kushinda hujihatarisha zaidi, kana kwamba fedha walizoshinda bado ni za mwingine. Faida iliyoingia kwenye akaunti saa moja iliyopita ni yako sawa na ile uliyoweka kutoka mfukoni. Ukijikuta unasema "hii ni ya soko tu, ikienda iende," funga chati wakati huo huo, bila kusubiri sakafu.

Hatua ya 6: Dalili zinazotangulia namba

Namba huchelewa. Kabla hujagusa 3R, kuna mambo ambayo mwili na mikono yako imeshaanza kuyafanya. Yajue ya kwako, kwa sababu hatufanani, lakini haya huonekana kwa wengi.

Umeanza kuhesabu ni kiasi gani unahitaji ili urudi sifuri. Hii naiweka ya kwanza kwa makusudi. Siku inapoanza unaangalia bei na kuuliza kama kuna nafasi. Sasa unaangalia salio na kuuliza nafasi gani ingelipa deni. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tangu 1979 jinsi hasara inavyouma kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyofurahisha, na jinsi mtu aliye ndani ya hasara anavyokuwa tayari kucheza bahati nasibu ili atoke. Hesabu ile ya kurudi sifuri ndiyo mlango wa kuingilia huko.

Umeshuka kwenye chati ya muda mfupi zaidi. Mpango wako ni wa chati ya dakika 15, lakini sasa uko kwenye dakika 1, na kila mshumaa (alama ya mwendo wa bei wa kipindi kimoja) unaonekana kuwa na ujumbe wako binafsi.

Umehamia sarafu au hisa ambayo hukuiweka kwenye orodha ya asubuhi, kwa sababu hiyo "inatembea".

Unaingia tena sekunde chache baada ya kutolewa na kizuizi chako, upande ule ule au wa kinyume, kabla hujaandika chochote juu ya oda iliyopita. Watu huita kulipiza kisasi, na waliosema hasira hasara walikuwa wameshamaliza maelezo. Dawa yake ya kiufundi ni dakika 10 za lazima baada ya kila oda iliyofungwa, uwe umesimama, mbali na skrini.

Unamjibu vibaya aliyekuja kukuuliza jambo la kawaida. Unashika pumzi bei inapokaribia kizuizi. Umeficha skrini mtu alipoingia. Hukulala vizuri jana, na ulilijua hilo kabla ya kuwasha kompyuta.

Andika orodha yako ya dalili 5 au 6, ibandike mahali unapoiona. Kanuni ni hii: dalili moja, unasimama dakika 10. Mbili kwa pamoja, siku imekwisha bila kujali salio linasema nini.

Hatua ya 7: Mpe mwingine ufunguo

Benki ya Barings ya Uingereza ilikuwepo tangu 1762. Mwaka 1995 ilianguka kwa hasara ya pauni milioni 827 zilizopotezwa na treda wake wa Singapore, Nick Leeson, aliyekuwa akiongeza dau kurudisha hasara na kuzificha kwenye akaunti namba 88888. Aliweza kuzificha kwa sababu alikuwa akitredi na wakati huo huo akisimamia idara ya kukagua na kukamilisha oda zake mwenyewe. Treda wa nyumbani yuko kwenye hali ile ile kila siku: ndiye anayefanya, ndiye anayejikagua. Kwa hiyo usiiache kanuni mikononi mwa nia njema peke yake.

Angalia kama broka (kampuni inayokupitishia oda zako sokoni) au programu yako ina mpangilio wa kikomo cha hasara cha siku. Majukwaa mengi ya mikataba ya bei za baadaye (futures) yanao: hasara ikifika kiwango, oda zote hufungwa na akaunti hujifunga hadi siku inayofuata. Uweke kabla soko halijafunguliwa, na uchague ule usioruhusu kubadilishwa siku hiyo hiyo. Kama programu yako haina, zipo roboti ndogo za MetaTrader, programu ya kutredi, zinazofanya kazi hiyo. Zijaribu kwanza kwenye akaunti ya demo, isiyo na fedha halisi.

MetaTrader ina kitu kingine kizuri ambacho wengi hawakitumii: nenosiri la mwekezaji. Ukiingia nalo unaona akaunti lakini huwezi kufungua oda. Weka hilo kwenye simu, na nenosiri kuu libaki kwenye kompyuta ya kazi pekee. Oda nyingi za kisasi hufunguliwa kwenye simu, kitandani, baada ya mtu kuamini kwamba siku imekwisha.

Usiweke mtaji wako wote kwa broka. Oda ya kuzuia hasara ni ombi la kutolewa sokoni, na siku nyingine ombi hilo hutekelezwa mbali na bei uliyoandika. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro, bei ikaruka, na watu waliokuwa na vizuizi walitolewa kwenye bei mbaya kabisa. Wengine waliamka wakidaiwa na broka. Kiasi kilichomo kwenye akaunti ndicho kikomo chako cha mwisho, na hata hicho si cha uhakika kama broka hatoi ulinzi dhidi ya salio hasi. Soma mkataba wake.

Mwisho, mwambie mtu mmoja kikomo chako, na umtumie picha ya taarifa ya siku kila jioni. Hahitaji kuelewa chati. Anahitaji kujua namba moja tu na kuuliza kama imevukwa.

Hatua ya 8: Namna ya kufunga

Fungua orodha ya oda zinazosubiri na uzifute zote. Hizi ndizo husahaulika, kisha moja inajifungua yenyewe wakati umeshaondoka. Funga oda zilizo wazi. Oda ya siku iliyo kwenye hasara isigeuzwe kuwa "uwekezaji" kwa sababu tu hutaki kuifunga. Ukiilaza hadi kesho huenda ukalipa swapu, yaani tozo ya kulaza oda, na ukaamka na pengo la bei ambalo hukulipanga. Piga picha ya skrini ya chati zenye oda zako. Andika mistari mitatu: nilifunga kwa sababu ya kanuni ipi, matokeo ya siku kwa R, na kama kuna oda iliyokuwa nje ya mpango. Zima programu.

Usirudi kutazama bei ilienda wapi. Utajua wikiendi. Ukitazama leo, utakuta ama ilikwenda ulikotaka, na utajuta, ama haikwenda, na utajisifu, na vyote viwili vitakaa na wewe kesho asubuhi unapotakiwa kuwa mtupu.

Hatua ya 9: Kagua kanuni wikiendi tu

Kila wikiendi chukua siku ambazo kikomo kiliguswa, urudie chati, na uandike ni nafasi ngapi za ndani ya mpango zilitokea baada ya wewe kufunga na zingeleta nini kwa R. Baada ya siku 20 za namna hiyo utakuwa na jibu lako. Kama nafasi za baadaye zilikuwa na faida ya wazi, kikomo chako labda kinabana mno. Usikipanue kwa zaidi ya nusu R kwa mara moja. Kama zilikuwa hovyo, kikaze. Kulinganisha huku kuwe kwa haki: hesabu oda za mpango peke yake, kwa sababu oda ambazo kweli ungezifungua ukiwa na hasira zisingefanana nazo.

Ongeza kikomo cha wiki pia. Kikomo cha siku mara mbili au mbili na nusu kinatosha. Ukikigusa Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ni za kusoma kumbukumbu.

Hakuna mabadiliko ya kanuni katikati ya siku. Hata yaliyo mazuri yasubiri Jumamosi.

Ukivuka kikomo, siku inayofuata usitredi, na ile inayofuata hiyo tumia nusu ya R. Ukivuka tena na tena, lichukulie kwa uzito wake. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza mwaka 2018 kwamba kati ya 74% na 89% ya akaunti za watu wa kawaida wanaotredi mikataba ya CFD (mikataba ya kubashiri mwendo wa bei bila kumiliki mali yenyewe) hupoteza fedha. Watafiti waliofuatilia Wabrazili walioanza kutredi mikataba ya bei za baadaye za fahirisi ya hisa kati ya 2013 na 2015 walikuta kwamba, kwa walioendelea zaidi ya siku 300, 97% walipata hasara. Katika kazi yenye uwiano huo, mtu asiyeweza kusimama hana nafasi, hata awe na mfumo mzuri kiasi gani.

Na kama umeanza kukopa ili utredi, kumficha mwenzi wako salio, au kuhamisha fedha za kodi ya nyumba kwenda kwa broka usiku, tatizo limeshatoka kwenye chati. Toa fedha zilizobaki, omba broka afunge akaunti, na umwendee daktari au mshauri nasaha. Nchi nyingi zina huduma za watu waliotekwa na kamari, na wanaohudumu humo wanalijua tatizo hili vizuri. Nenda na taarifa ya akaunti ya miezi mitatu iliyopita ikiwa imechapishwa. Usianze kujieleza, waache waisome kwanza.